Amezaliwa Nacho

Ipo nchi iitwayo Ulimboni. Waliowahi kufika huko hawakubaliani kuhusu njia: mmoja husema iko nyuma ya milima, mwingine husema wengi wetu tumeshaipita mara nyingi bila kuuliza jina lake. Basi njia tuiache. Tumfuate mwanamke mmoja aliyefika, Naetwe, mjane wa Upareni, mtu wa maombi, aliyekwenda kumtunza bintiye aliyekuwa karibu kujifungua.

Binti huyo, Tumsifu, alikuwa ameolewa huko na mwanamume aitwaye Atapata. Watu wa Ulimboni humpa mtoto jina la kile wanachokitumaini, na waliompa Atapata jina lake hawakuwa na kitu.

Jambo la kwanza Naetwe aliloliona ni vinywa vya watu. Katika kila umati walikuwamo wachache waliotembea polepole, kidevu juu, kila mmoja amebana kijiko cha fedha kati ya midomo, mpini umetokeza mbele unametameta juani. Hao waliitwa Wenyenacho. Wengine, yaani makarani, askari na watu wa baraza, walikuwa na vijiko vya mti, ambavyo waliruhusiwa kuvitoa wakitaka kusema. Waliobaki, nao ndio wengi, hawakuwa na kitu kinywani isipokuwa meno, na waliitwa vinywa vitupu. Tumsifu na mumewe walikuwa vinywa vitupu.

Sheria ya nchi ile ilikuwa fupi. Mwenye kijiko cha fedha hatakitoa mchana wala usiku mpaka siku ya kuzikwa kwake. Na kwa kuwa mtu wa namna hiyo hawezi kutafuna wala kusema, kila Mwenyenacho alikuwa na mlishaji wake, mtu wa kumimina uji ndani ya kijiko, kukilaza kichwa cha bwana nyuma kidogo ili uji ushuke, kumpangusa kidevu, na kuwaeleza watu bwana amesema nini. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Atapata, nyumbani kwa mzee mmoja aitwaye Mheshimiwa Hagusiki.

Tena, kila mahali penye kungoja palikuwa na kamba. Kisimani, zahanati, mlangoni pa shule, kamba ya mkonge ilifungwa kati ya nguzo mbili. Wenyenacho walipita mbele ya kamba, kivulini. Vinywa vitupu walisimama nyuma yake, juani, mpaka mbele paishe watu. Aliyeuliza kwa nini alipata jibu lile lile, "Amezaliwa nacho," na hapo maswali yaliishia.

Siku moja sokoni, kijana Mwenyenacho alipitisha mkokoteni wake wa punda juu ya vyungu vya mama mmoja. Vilivunjika karibu vyote. Yule mama akainamisha kichwa, akasema kwa sauti nzuri, "Amezaliwa nacho." Wenzake wakaitikia, "Amezaliwa nacho." Kijana akanguruma kitu, mlishaji wake akasema bwana amepokea heshima yao, wakaenda zao. Mkokoteni ulipokata kona, yule mama akasema tena maneno yale yale, safari hii akiviambia vigae vya vyungu vyake, kisha akatema mate.

Naetwe akainama kumsaidia kuokota. "Mwenzangu, mbona umesema mara mbili?"

"Ya kwanza ni yake," mama akajibu. "Ya pili ni yangu. Wewe mgeni, eti?"

"Mgeni, ndiyo. Nimekuja kwa binti yangu."

"Basi jifunze kuisema ya kwanza vizuri, wasije wakakufunga. Ya pili itakuja yenyewe."

Jioni, Naetwe alipoyasimulia hayo nyumbani, Atapata alitikisa kichwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno mengi, labda kwa sababu mchana kutwa alisema kwa niaba ya mtu mwingine.

"Hayo madogo, Mama," alisema akimega ugali. "Hujasikia ya Bwana Matofali. Alikuwa kinywa kitupu kama mimi. Akafyatua matofali, akauza, akajenga, nyumba yake ikapita ya bwana wangu kwa urefu. Akasema sasa na yeye avae kijiko cha fedha. Baraza likakaa. Mabishano yake, Mama! Hawa wanasema fedha ni fedha, wale wanasema hapana, kijiko hakivaliwi, mtu huzaliwa nacho. Mwisho wakakata shauri: azaliwe upya."

"Azaliwe?"

"Wakamviringisha kwenye kanga. Mama yake mzazi, ajuza hata kuona haoni sawasawa, akaketishwa kwenye mkeka, na jitu lile likalazwa mapajani pake. Wakamwambia alie. Akalia, Mama, na ndevu zake! Watu wakageukia ukuta, walipogeuka tena kijiko kimo. Amezaliwa nacho!"

Tumsifu alicheka mpaka akashika tumbo lake kubwa. "Na bado wanamwita kijiko cha jana."

"Mpaka leo. Akipita wanatazama kama ndevu zina uji."

Naetwe naye alicheka, lakini neno moja lilimkaa. "Waligeukia ukuta kwa nini?"

Mtu na mkewe wakatazamana. "Kula, Mama," akasema Atapata. "Ugali unapoa."

Mtoto alizaliwa asubuhi ya siku yenye mawingu, wa kiume. Mkunga wa mtaa alikuwa amekwama kisimani, nyuma ya kamba, kwa hiyo Naetwe mwenyewe ndiye aliyempokea. Alimfuta uso, akaingiza kidole chake kidogo kinywani mwa mtoto akautoa ute, na mtoto akatoa kilio kikali hata majirani wakapiga vigelegele kabla ya kuambiwa. Naetwe alipiga magoti palepale penye maji na damu, akamshukuru Mungu kwa kilio kile.

Huyu hakuwa mtoto wa kwanza. Kabla yake palikuwa na msichana, aliyeshikwa na homa kabla hajajifunza kutembea. Tumsifu alimpeleka zahanati, akasimama naye nyuma ya kamba. Mbele ya kamba palikuwa na mtoto wa Mwenyenacho aliyekuwa anapiga chafya. Akahudumiwa, kisha mlishaji wake naye akahudumiwa, kisha mganga akaenda kula. Kamba ilipofunguliwa, Tumsifu alikuwa amebeba maiti. Naetwe aliipata habari hiyo kwao milimani, kwa mdomo wa mpita njia, na tangu hapo hakumaliza sala yoyote bila kumtaja mjukuu ambaye hakumwona.

Kitovu cha mtoto kilikuwa hakijadondoka Atapata aliporudi mbio kutoka kazini, jasho likimtiririka. Alifunga mlango, akauegemea kwa mgongo.

"Amekubali," alisema.

"Nani?" akauliza Naetwe.

"Mheshimiwa! Hana mtoto, Mama, wala ndugu. Kijiko cha marehemu mkewe kimekaa sandukuni tangu msiba. Nilimwomba kipewe mwanangu. Akanguruma. Mbele ya watu wa baraza, Mama, akanguruma na kichwa kikashuka hivi. Wakasema hiyo ni ndiyo."

Tumsifu alikuwa kitandani akinyonyesha. Aliufunika uso wake kwa upande wa kanga, akalia.

Ndipo Atapata akaeleza yanayofanyika. Kitovu kikishadondoka, mtoto hupelekwa Jumba la Vinywa. Hulazwa juu ya meza ya jiwe. Bibi mzaa mama huapa kwa jina la Mungu kwamba mtoto amezaliwa na kijiko, kwa sababu yeye ndiye ajuaye mlango ambao mtoto ametokea. Baada ya kiapo watu wote hugeukia ukuta, hata baba, hata mama. Wakigeuka tena, kijiko kimo, na wote husema kwa pamoja kwamba amezaliwa nacho.

"Na wakati watu wamegeukia ukuta," akauliza Naetwe, "kijiko kinatiwa na nani?"

Atapata akacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu mbele za watu. "Hakitiwi, Mama. Anazaliwa nacho."

"Amezaliwa juzi. Nilimpokea mimi."

"Ndiyo maana unahitajika wewe."

"Na wewe, baba yake, ukiwa ukutani utakuwa unawaza nini?"

"Nitakuwa nawaza ukuta, Mama. Tumezoea."

Naetwe aliomba aachwe na bintiye. Atapata akatoka uani, wakabaki wawili na mtoto.

"Mwanangu," alisema Naetwe, "mimi nimeapa kwa jina la Mungu mara moja tu katika maisha yangu, nilipoolewa na baba yako. Sikulea ulimi wangu kwa kazi hii."

"Mama, ni maneno."

"Ni kiapo."

"Basi ni kiapo." Tumsifu alimhamishia mtoto kwenye titi la pili. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wewe utaapa, au hutaapa, kisha utarudi kwenu, utaimba kwaya, utakunywa chai na wenzako. Mimi nitabaki. Nitakwenda tena kwenye ile kamba, nina mtoto mgongoni, ana homa. Unataka nikupe habari yake tena kwa mpita njia?"

Naetwe alimtazama mtoto. "Huyu hataweza kusema, Tumsifu. Hataweza hata kukuita."

"Ataishi."

"Hataweza kusali."

"Mungu anasikia na wasiosema. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Ndivyo alivyomfundisha. Naetwe alinyanyuka akaenda kuosha nepi zilizokwisha kuoshwa.

Siku zile aliomba kuliko alivyowahi kuomba. Alitafuta neno ambalo lisingekuwa kweli wala uongo, akalizungusha kichwani akisaga na akifagia, hakulipata. Alisema, Bwana, nikisema kweli namrudisha mtoto juani, na damu yake itakuwa mikononi mwangu. Nikisema uongo nakuita wewe uje uusimamie uongo huo. Niambie. Hakusikia sauti, wala hakuoteshwa ndoto. Alisikia kuku wa jirani, na mjukuu wake akigugumia usingizini.

Kitovu kilipodondoka, desturi iliwataka waende kwanza kumshukuru mtoa kijiko. Tumsifu alibaki na mtoto. Naetwe akaenda na mkwewe.

Mheshimiwa Hagusiki alikuwa mzee sana, mwenye macho ya upole. Alikaa kwenye kiti kikubwa barazani, kichwa kimeegemezwa mto. Mpini wa kijiko chake ulikuwa umelika, na pembe za midomo yake zilikuwa na sugu kama za mkono wa mkulima.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Naetwe.

"Mmmh," alisema mzee.

"Anasema marahaba," akaeleza Atapata, "karibu Ulimboni, na mtoto akue katika utii."

Naetwe aliona hayo ni mengi kwa mguno mfupi vile. Uji ukaletwa. Akaomba ruhusa ya kuuombea, na Atapata akasema bwana ameruhusu. Naetwe akaiombea nyumba ile, akamtaja marehemu mke wa mzee, akaomba asisahauliwe. Alipofika mwisho akasema amina. Atapata akasema amina. Kisha kukawa na sauti ya tatu.

"Aa," alisema mzee. "Aa... mm..."

Alikuwa amefumbua macho yote. Koo lake lilipanda na kushuka. Ulimi ulionekana ukisukuma chini ya fedha, ukashindwa, ukasukuma tena, kama kitu kilichofungiwa. "Aa," alisema, na mate yakamtiririka kidevuni, na machozi yakafuata njia ileile ya mate.

Atapata akampangusa haraka. "Anasema uji umepoa."

"Hakusema hivyo," alisema Naetwe.

Njiani walipita kisima. Naetwe ndiye aliyeanza kusema. "Tangu umekuwa naye, umewahi kuelewa analosema?"

Atapata alitazama mbele na nyuma. "Neno hata moja, Mama. Sijawahi. Akinguruma juu nasema ndiyo, akinguruma chini nasema hapana. Lazima mtu aseme kitu. Watu wanangoja."

"Na mwanao? Naye atasemewa?"

Mkwewe alisimama. Walikuwa wamefika penye kamba ya zahanati. Nyuma yake watu walikuwa wamesimama na watoto wao, wamewafunika vichwa kwa vitambaa vilivyolowa maji. Alizitazama zile nguzo mbili, si watu.

"Atasimama kivulini, Mama," alisema. "Mengine sijui. Atasimama kivulini."

Jumba la Vinywa lilikuwa kubwa, halina dirisha upande wowote isipokuwa juu. Kitu kimoja kilimvutia Naetwe alipoingia. Kuta zake zilikuwa zimepakwa chokaa nyeupe, lakini kwa usawa wa nyuso za watu palikuwa na mstari mweusi uliozunguka jumba zima, laini, unang'aa kwa mafuta. Ndipo walipoweka vipaji vya nyuso, wao, na baba zao, na mababu wa baba zao.

Aliyesimamia shughuli aliitwa Mtia Kijiko, ingawa kwa sheria hakutia chochote. Jina lake Bwana Hakosei, mtu mnene, msafi, kijiko chake cha mti kinaning'inia shingoni kwa uzi. Wazee watatu wa baraza walikaa kwenye benchi. Mheshimiwa Hagusiki aliletwa kwa kiti. Nyuma walijaa majirani, vinywa vitupu, wengi wao kwa furaha ya kweli, maana haikuwa kawaida mtoto wa mtaa wao kuzaliwa na kitu.

Tumsifu alimlaza mtoto juu ya jiwe. Jiwe lilikuwa baridi, na mtoto akaanza kulia.

"Mama wa mama, sogea," alisema Bwana Hakosei. Sauti yake haikuwa mbaya. "Wewe uliyempokea. Kwa jina la Mungu aliye hai, mtoto huyu amezaliwa na nini kinywani?"

Naetwe alimtazama bintiye. Tumsifu naye alikuwa anamtazama, na macho yake yalikuwa yanasema, Mama, tafadhali. Hakuna mzazi asiyeyajua macho hayo. Naetwe alifungua kinywa akiwa bado hajui kitakachotoka.

"Hakuwa na kitu," alisema. "Nilipitisha mwenyewe kidole changu kinywani mwake. Alizaliwa na kilio."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali kelele. Watu walitazama miguu yao, na mmoja nyuma akasema taratibu, "Jamani."

Mzee wa kwanza wa baraza alitoa kijiko chake cha mti. "Ni mgeni," alisema. "Lafudhi yao ni nzito. Sikupata neno."

Mzee wa pili alitoa chake. "Mimi nililipata. Na hilo ndilo linalonitisha. Kama huyu amezaliwa bila kitu, kesho mtu ataniuliza habari za wajukuu zangu. Keshokutwa ataniuliza habari za baba yangu. Tutasimamia wapi, ndugu zangu? Kamba zile tutazifunga kwenye nini?"

"Shahidi amekohoa," alisema mzee wa tatu, bila hata kukitoa kijiko chake sawasawa.

Wale wawili wakamtazama kwa shukrani. "Amekohoa," wakasema. "Kumbe amekohoa tu. Vumbi la safari."

"Sikukohoa, wazee wangu," alisema Naetwe.

"Anakohoa tena," alisema mzee wa tatu. "Pole, Bibi. Mama mzazi, wewe ulikuwa karibu naye. Umesikia nini?"

Tumsifu alisimama mikono imelegea. Mtoto alikuwa analia juu ya jiwe. Alimtazama mama yake, kisha akayaondoa macho yake kwake.

"Amekohoa," alisema.

Naetwe aliwahi kuzika mume, na aliwahi kuona shamba lote likienda na maji. Hakuna kati ya hayo lililompiga kifuani kama neno lile. Hakumkasirikia. Alitamani tu kuketi chini.

"Basi tugeuke," alisema Bwana Hakosei.

Jumba zima likageuka. Askari mmoja alimshika Naetwe mabega, kwa adabu, akamgeuza, akambandika kipaji cha uso kwenye ule mstari mweusi. Ukuta ulikuwa na joto na harufu ya vichwa vya watu. Alifumba macho. Alisema, Bwana, nimesema ulilonipa, halijasikika. Sasa mtunze. Mtunze akiwa na kijiko, mtunze akiwa hana. Mtunze na mama yake.

Nyuma yake mtoto alikuwa analia. Kilio kikapanda, kikashika kitu, kikakatika katikati, kama mlango uliofungwa juu ya kidole. Ikafuata sauti ndogo ya fedha ikigusana na ufizi.

Kisha ikaja sauti ya mguu mmoja ukiburuzika sakafuni.

"Geukia ukuta, mama mzazi," alisema Bwana Hakosei.

Mguu wa pili ukafuata.

"Geuka, dada yangu. Bado."

"Naona," alisema Tumsifu.

Naetwe akageuka. Askari hakumzuia, kwa kuwa askari mwenyewe alikuwa ametazama ukuta. Katika jumba lile lililojaa watu, wote migongo, bintiye peke yake alikuwa amesimama akitazama meza. Bwana Hakosei alikuwa ameinama juu ya mtoto. Mkono wa kushoto ulikuwa umebana mashavu ya mtoto kwa vidole viwili. Wa kulia ulikuwa na kijiko, nusu ndani, nusu nje.

Akabaki hivyo. Hakuweza kukisukuma, kwa sababu kitu kilichoonwa kikitiwa, mtu hawezi kuwa amezaliwa nacho; hiyo ndiyo sheria nzima. Na hakuweza kukitoa, kwa sababu tangu jumba lile lijengwe hakuna aliyewahi kukitoa.

"Hujaona kitu," alimnong'oneza Tumsifu.

"Naona mkono wako. Una pete. Una kovu hapa chini ya kidole gumba."

Bwana Hakosei aliutazama mkono wake mwenyewe. Naetwe alisema baadaye kwamba uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutwa anaoga.

"Tayari?" akaita mmoja wa wazee, kipaji chake cha uso ukutani.

"Bado," akajibu Bwana Hakosei.

"Mbona kimya?"

"Bado, nimesema!"

"Tumsifu." Huyo alikuwa Atapata. Alikuwa upande wa pili, uso wake kwenye chokaa, sauti yake inamtoka kwa shida. "Mke wangu. Funga macho. Huna haja ya kugeuka, funga tu macho. Mara moja. Niombe lolote, lakini funga macho."

"Njoo utazame, baba yake," alisema Tumsifu. "Njoo utazame anavyofanywa."

Atapata hakugeuka. Alipiga ukuta kwa kiganja, polepole, mara kadhaa.

"Hujui unamrudisha wapi," alisema.

"Najua kuliko wewe. Nilisimama pale mimi." Alikuwa analia sasa, lakini macho yake hayakupepesa. "Nitasimama tena. Nitapiga kelele pale mpaka mganga aache chakula chake. Na huyu atapiga kelele na mimi. Ana sauti, umeisikia."

Alikwenda mpaka mezani. Hakumsukuma Bwana Hakosei. Alinyoosha mikono tu, kama mtu anayepokea mzigo kutoka kwa mwenzake, na yule mtu mnene akarudi nyuma hatua, kijiko mkononi, akiwa hajui pa kukiweka. Tumsifu akamwinua mtoto. Mtoto alivuta pumzi ndefu, akatoa kilio kama kile alichozaliwa nacho.

"Tayari?" wakauliza wazee kwa pamoja. Nyuma yao majirani nao wakaanza kuulizana, bila kugeuza vichwa: tayari? tuseme? Kutoka kwenye kile kiti kikubwa ikatoka ngurumo, ndefu, yenye kupanda na kushuka. Hapakuwa na mtu wa kuieleza.

Tumsifu alipopita karibu na mama yake alisimama. "Mama, nilisema umekohoa."

"Twende, mwanangu," alisema Naetwe.

Walipita nyuma ya migongo ile yote. Wengine walimsikia mtoto akipita akilia, na kilio chenye kijiko ndani yake si kama kilio kisicho na kijiko, kwa hiyo walijua. Mabega yao yalijua. Lakini aliyegeuka angelazimika kusema ameona nini, basi hawakugeuka, na vipaji vyao vya nyuso vilibaki pale palipokuwa laini tangu zamani.

Mlangoni jua lilikuwa kali. Tumsifu alimfunika mtoto kichwa kwa kanga. Ndipo waliposikia miguu nyuma yao, ya mtu mmoja, inakuja kwa kusitasita, inagonga benchi, inakuja tena.

Alikuwa Atapata. Alikuwa anakuja kinyumenyume, uso wake bado umeelekea ukutani, mikono imenyooshwa nyuma ikipapasa hewa. Alikuwa hajathubutu kugeuka, ila miguu ilikuwa imeshatoka. Tumsifu akampa mama yake mtoto, akarudi ndani hatua chache, akamshika mumewe mkono, akamwongoza taratibu, akimwambia mahali kizingiti kilipo, ili asianguke.